Mvua haikatiki, watoto wamekwama ndani: ni wanyama gani naweza kutengeneza nao kwa vitu vya nyumbani?

#1 BabaWawili (Mbagala)

Wakuu habari za masika. Wakubwa shikamooni.

Leo siku ya nne mvua inanyesha, uwanjani ni maji matupu. Nina watoto wawili, binti wa miaka minne na nusu na mdogo wake wa kiume, miaka miwili na miezi kadhaa. Mama yao yuko Tanga anamuuguza bibi, kwa hiyo hapa ni mimi na wao. Umeme nao unakuja na kuondoka, hata katuni zimekuwa za kubahatisha.

Jana nikajitia ufundi. Niliona kwenye simu jamaa anatengeneza tembo kwa boksi, dakika mbili kamaliza, na mkonga unachezacheza. Nikachukua boksi la sabuni, mkasi na gundi. Ikanichukua saa nzima na nusu. Binti kila akisogea namwambia "ngoja kwanza, utaharibu". Mdogo kaninyang'anya gundi, kajipaka kichwani. Mwisho wa yote tembo akasimama kweli, ila binti hata kumgusa hakumgusa. Namuuliza vipi, ananiambia "huyo wa baba". Akaenda zake kwenye boksi lililobaki, akajiingiza ndani, akasema yeye konokono.

Sasa naombeni msaada. Nataka wanyama rahisi, rahisi kwelikweli, wa watoto wa umri huo. Hela ya kwenda kununua makorokoro ya dukani sina. Ndani nina trei mbili za mayai, maboksi, magazeti ya zamani, unga wa ngano kama nusu kilo, ufagio wa chelewa na vizibo vya soda.

#2 MbishiMkuu

Konokono kashapatikana, bure, bila gundi. Uzi ufungwe.

#3 MwalimuWaWadogo (Morogoro)

Mkuu BabaWawili, hongera kwa kukaa na watoto. Nafundisha awali mwaka wa kumi na moja sasa, niseme ninayoyaona.

Tembo wako hana kosa. Kosa ni "ngoja kwanza". Mtoto wa miaka minne akikaa saa nzima anatazama mikono ya mtu mkubwa, kile kitu hakimhusu tena, na binti yako kakwambia wazi. Mimi huwa nagawa kazi kabla hatujaanza. Yangu ni kukata kwa wembe au kisu, na chochote cha moto. Kuchana, kupaka, kubandika, kuchagua macho yakae wapi, hizo za kwao. Macho yakikaa tumboni, yamekaa tumboni. Nimewahi kuwa na kuku mwenye macho matatu darasani, mwenyewe alisema la tatu ni la kuangalia mwewe. Ungembishia nini?

Anza na kiwavi. Trei la mayai 30 lina vikombe vitano kwa sita. Kata mstari mmoja wa vikombe sita, ukiugeuza juu chini tayari una kiwavi mwenye nundunundu. Binti apake rangi, wewe utoboe vitundu viwili kwenye kikombe cha mbele, achomeke vijiti vya chelewa vifupi, hizo pembe. Hiyo ni kazi ya nusu saa na mtoto kafanya karibu yote.

Yule mdogo usimtafutie mnyama kwanza. Mtoto wa miaka miwili kazi yake ni kuchana. Mpe gazeti achane vipande mpaka achoke, wewe mchoree kondoo mkubwa kwenye boksi, mpakie gundi, yeye abandike vile vipande viwe manyoya. Au usimchoree kitu kabisa. Akimaliza muulize "huyu nani?" Atakutajia jina mwenyewe, na kesho atamtajia jina lingine. Mwache hivyohivyo.

Mkasi: usimkabidhi binti akate mviringo siku ya kwanza. Mkatie kipande chembamba cha karatasi, upana wa vidole viwili, ili mkasi ukifunga mara moja kipande kimedondoka. Dole gumba likae juu. Akishakata vipande hamsini namna hiyo mkono unaanza kuzoea, na hivyo vipande ndiyo magamba ya samaki.

Gundi usinunue, pika. Robo kikombe cha unga wa ngano kwa kikombe kimoja cha maji. Unga ukoroge kwanza kwa maji baridi kidogo mpaka madonge yaishe, maji yaliyobaki yachemshe, mimina huku unakoroga. Ukishaona umekuwa uji mzito unaong'aa, epua. Ukipoa vizuri ndiyo watoto waguse. Mdogo akijipaka kichwani tena unaosha kwa maji.

#4 NesiWaZamu

Naunga mkono, ila kabla hamjaendelea: vizibo vya soda viondoke mbele ya huyo wa miaka miwili. Kwanza kingo zake zinakata. Pili ni vya kumezwa. Kipimo cha haraka, chukua kile kiini cha ndani cha karatasi ya choo. Kitu chochote kinachopita ndani yake, mtoto wa chini ya miaka mitatu hachezei. Vifungo, shanga, mawe ya mviringo, vyote.

Halafu kuna maharage na punje za mahindi, ambazo watu wanapenda sana kuzifanya macho ya wanyama. Mtoto anaingiza puani au sikioni, anakaa kimya. Harage likipata unyevu linavimba, basi kulitoa ni kazi nyingine. Macho chora tu kwa kalamu.

Na ile gundi ya haraka ya kuunganishia viatu, isikae hata meza moja na watoto. Betri za saa na za vitoi vya kuimba, hizo bapa ndogo, ndiyo mbaya kuliko zote. Ikimezwa inaunguza koo ndani ya muda mfupi, hospitali moja kwa moja, hamna kusubiri asubuhi.

Samahani kwa kutisha watu kwenye uzi wa viwavi.

#5 BabaWawili

Nesi asante sana, vizibo nimevipandisha juu ya kabati sasa hivi. Mwalimu, gundi ipo jikoni inapoa. Nilisahau ule mwanzo wa maji baridi, ina madonge, lakini inashika.

#6 KifuuChaNazi (Unguja)

Asalaam aleikum. Nyie wa bara mna maboksi, sie huku tuna vifuu. Kifuu cha nazi ukishakikuna, kile kipande kisicho na macho, kifudikize chini. Umeona nini? Kobe. Hakuna mnyama mwepesi kuliko huyu, gamba limekuja limeshatengenezwa.

Kifuu kisugue kwa msasa nje, hasa ukingoni, kisiwachome watoto. Chini yake bandika kipande cha boksi ulichokata kichwa, miguu minne na mkia mdogo. Gundi ya uji kwa kifuu haishiki vyema, hapo tumia ya mbao, paka wewe. Usiku mmoja kikauke.

Kisha raha ndiyo inaanza, kulichora gamba. Mwachie mtoto, lakini ukitaka kumfundisha kitu, mwambie kobe mgongoni ana mabamba makubwa 13: matano yamejipanga katikati kama uti wa mgongo, manne kila upande. Ya pembezoni ni madogo na mengi, hayo asihesabu. Wanangu wanachora kwa mkaa halafu wanapaka mafuta ya nazi kidogo, kifuu kinang'aa hasa.

Ukijaaliwa kuja Unguja wapeleke kisiwa cha Changuu wakaone wenyewe. Wale kobe wakubwa walianzia na waliotolewa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919, na wameandikwa umri mgongoni kwa rangi. Mwanangu wa kati aliporudi tu akakiendea kifuu chake, akaandika 200. Nikamwambia lakini huyu nazi yake nimeikuna Ijumaa. Akanijibu, "Ndiyo, lakini kashazeeka."

#7 MbishiMkuu

Naona watu wanasuguana na misasa kisa kobe. Sisi tumekua hatuna hizi sanaa za kuiga Wazungu na tumekuwa watu. Mtoto apewe mpira atoke nje.

#8 Chelewa

Atoke nje wapi mkuu, kasema uwanja ni bwawa.

#9 MzeeNundu (Shinyanga)

Wanangu, namjibu huyu anayesema ni mambo ya Wazungu. Mimi nimezaliwa kabla ya Uhuru. Hakuna aliyetuonyesha picha ya simu, na kila mtoto tuliyechunga naye alikuwa na kundi lake la ng'ombe wa udongo. Tulikuwa na maboma ya vijiti, tunahesabiana, tunaibiana, tunashtakiana kwa mzee ambaye naye alikuwa mtoto mwenzetu. Mimi nimewahi kuoa kwa ng'ombe wanane wa udongo, na mke mwenyewe akavunja wawili kabla ya jioni kwa sababu nilimchagulia rafiki yake shamba zuri zaidi.

Baba wa Mbagala, masika ndiyo wakati wa udongo. Tafuta wa mfinyanzi, ule mzito, au wa kichuguu. Mchwa wameshauchekecha, mawe hauna. Toa mizizi na vijiwe, ukande kwa maji kidogokidogo mpaka ushike kama ugali uliopoa. Kuupima: viringisha mjeledi mnene kama kidole, uzungushe kwenye dole gumba. Ukipasuka, ama umekauka mno ama una mchanga mwingi. Ukizunguka bila kupasuka, huo ndio wenyewe.

Sasa wengi wanakosea hapa. Wanatengeneza kiwiliwili, kisha wanatengeneza miguu minne pembeni, wanabandika. Kesho asubuhi miguu iko chini. Mtoto mdogo mwambie achukue donge moja, alikande liwe kama muhogo mfupi, halafu miguu aifinye kutoka humohumo kwenye donge, kama anavuta sikio. Kichwa avute mbele, nundu ainyanyue juu ya mabega. Pembe ndiyo mwisho. Pembe zikihitaji kubandikwa, kwaruza pale mahali kwa kijiti, paka udongo uliolainishwa kama uji, ndipo ubane.

Kuanika ni kivulini, si juani. Juani nje inakauka kabla ya ndani, ng'ombe anapasuka ubavu. Masika hii mpe siku nne, tano, hata wiki. Na asiwekwe kwenye jiko la mkaa kuchomwa. Ndani kukiwa na unyevu unageuka mvuke, anapasuka na kurusha vipande. Watoto wa sasa hawana haja ya kuchoma, wacheze nao hivyohivyo. Wakivunjika, loweka upya, kesho ni ng'ombe wengine.

#10 MbishiMkuu

Shikamoo mzee. Nimekaa.

#11 MamaPacha254 (Nakuru)

Hamjambo majirani. Mimi huku nimeingia kwa uzi huu kwa sababu ya machungu. Nina pacha, wako PP2, yaani mwaka wa pili wa awali. Tangu huu mtaala wa umahiri uanze nchi nzima 2019 sisi wazazi tumegeuka kuwa wanafunzi. Ijumaa unapata ujumbe: Jumatatu kila mtoto alete mnyama wa porini aliyetengenezwa kwa vifaa vya mazingira. Basi Jumapili saa nne usiku, watoto wamelala, kundi la WhatsApp limejaa akina mama wanaulizana manila inauzwa wapi saa hizo. Mwaka juzi mzazi mmoja alileta twiga wa jiwe la Kisii, amekwangua lile neno "Kenya" chini kwa kisu. Mwalimu akampa mtoto alama zote. Wangu walikuwa na fisi wa boksi waliyemtengeneza wenyewe, anafanana na sofa, wakapata nusu.

Nilikuwa na hasira wiki nzima. Mwalimu wa Morogoro, ungekuwa jirani ningekuhamishia hawa watoto.

Kwa kusaidia: kama kuna slipa za zamani, nyinyi mnaita ndala au malapa, msitupe. Ile soli ni laini, mtu mzima anaikata kwa kisu kikali umbo lolote, na mtoto anaweza kudunga vijiti ndani yake bila kuhitaji gundi. Kipande cha mviringo kikidungwa chelewa nyingi mgongoni ni nungunungu. Kipande kirefu na vijiti vinne chini ni punda, na ukiongeza kimoja kirefu mbele ni twiga. Wangu wanaweza kukaa na hizo saa nzima wakichomoa na kudunga upya, na huyo nungunungu akiogelea kwa beseni anaelea.

Wazo si langu. Kule Kiwayu, Lamu, watoto walikuwa wakiokota ndara zilizoletwa na bahari na kujitengenezea vitu vya kuchezea. Mwanamke mmoja, Julie Church, aliwaona, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ikazaliwa kazi ambayo leo ni kampuni ya Ocean Sole pale Nairobi, inachonga mpaka tembo na twiga wakubwa kwa ndara tupu na kuuza nje. Kwa hivyo huyu ndugu wa mambo ya Wazungu ajue hapo walioiga si watoto.

#12 MbishiMkuu

Mama Pacha nimeshakaa tayari, mbona unanikalisha tena.

#13 UgaibuniBaridi (Minneapolis)

Shikamooni wakubwa. Sisi huku miezi mitano ni theluji, kukwama ndani tunakujua. Tatizo langu ni lugha. Mwanangu ana miaka mitano, Kiswahili anaelewa, ila akisema ni "simba inalala", "kuku inataka kula".

Tulitengeneza wanyama wa soksi, zile zilizopoteza mwenzake. Mkono unaingia ndani, kidole gumba taya la chini, macho tumechora, simba tukamshonea nyuzi za sufu shingoni. Sharti la mchezo ni moja: simba ni mtu wa heshima, ukimwambia "simba inalala" anaziba masikio. Ukisema "simba amelala" anaamka. Sikumfundisha ngeli hata mara moja. Wiki tatu mbele namsikia anamkosoa binamu yake kwenye simu, "Si inalala, AMELALA, atakasirika."

Ila gari letu nalo sasa amelala, na friji amefunguka. Bado tunapambana.

#14 Chelewa

Hahaha friji amefunguka. Huyo Wakenya watampokea vizuri.

#15 MamaPacha254

Tumeonewa tena 😂

#16 BiManjano (Mombasa)

Mimi sina boksi wala ndara, nina jikoni. Nawapa kinyonga, na huyu hamtomsahau.

Chukua kijiko cha chai cha manjano, kitie kwenye nusu gilasi ya maji moto, koroga, acha yapoe. Mtoto apake maji hayo kwenye karatasi nyeupe, karatasi nzima, kwa kitambaa au pamba. Anika ikauke. Ishakuwa ya rangi ya manjano, mchoree kinyonga, mkate: mkia uliojikunja, mgongo wa kupinda, vidole vimeshikana kama koleo.

Halafu kipande kidogo cha magadi, yale unayotia kwenye maharage, kiyeyushe kwenye vijiko vitatu vya maji. Mtoto achovye kijiti chenye pamba, amguse kinyonga mgongoni. Atageuka mwekundu palepale mbele ya macho yake! Si polepole, papo hapo. Ukamue ndimu sasa, apake juu ya ule wekundu, anarudi manjano. Magadi tena, mwekundu tena. Maji ya sabuni ya kufulia nayo hufanya hivyo, ila wekundu wake hafifu. Manjano yana tabia hiyo, yakikutana na magadi hubadilika na yakikutana na ukali wa ndimu hurejea.

Magadi shika mwenyewe, yasiingie machoni. Nguo wavishe mbovu, manjano hayatoki. Mama mkwe wangu ana shuka yenye alama ya mkono wa mjukuu mpaka leo, na kila nikienda huitandika.

#17 MwalimuWaWadogo

Bi Manjano, nimejaribu jioni hii kabla ya kupeleka darasani. Nimekaa jikoni peke yangu nageuza kinyonga rangi mpaka wali ukaungua.

#18 BabaWawili

Wakuu nimerudi. Ripoti, nzuri na mbaya.

Kiwavi alifanikiwa, binti kampaka rangi zote mpaka akawa wa kahawia, kamwita Saidi. Baada ya kiwavi tukafanya jongoo wa mistari mitatu ya trei, tumeunganisha kwa kamba. Kinyonga tumemfanya jana, mdogo kapiga kelele kama kaona jini, kisha akataka arudiwe mara kumi na tano. Ndimu zimeisha.

Mbaya: kondoo wa mdogo, yule wa vipande vya gazeti na gundi ya uji, kaliwa na panya usiku. Amebaki kichwa na mguu mmoja. Nilidhani mtoto atalia. Kaangalia, akasema "paka". Kwa hiyo sasa tuna paka mwenye mguu mmoja ukutani.

Swali, panya nawafanyaje? Na binti anataka wanyama wa unga, wale wa kufinyanga, anasema kaona shule.

#19 KifuuChaNazi

Panya na mende hawawezi kuuachia uji wa ngano, ni chakula tu kile. Mie wangu naweka karafuu za kusaga na chumvi kidogo ndani ya gundi wakati inachemka, inachelewa kuvunda, na wadudu wanapungua. Panya hakuna dawa, vitundike juu kwa uzi.

Huo unga wa kufinyanga ni vikombe viwili vya ngano, kimoja cha chumvi, na maji kama kikombe kimoja, utie kidogokidogo. Lakini nikwambie ukweli, kwa sie wa pwani masika hii utajuta. Chumvi inavuta unyevu. Utamkausha samaki wako leo, kesho kutwa ameloa na kulegea kama kazaliwa sasa hivi. Huo uache mpaka kipupwe. Na wasiule, chumvi ile ni nyingi kwa mtoto, na kwa mbwa pia kama mnaye.

#20 NesiWaZamu

Hapo kwenye kuula nakazia.

#21 MsasaniZamani

Niongeze moja kwa huyo binti anayependa kupaka. Wengi mnajua picha za tingatinga, ila wachache wanakumbuka mwenyewe alianzaje. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyezaliwa 1932, alianza kupaka hapa Dar mwaka 1968 hivi, kwa mbao za dari na rangi ya baiskeli. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alifariki 1972, miaka minne tu ya kazi, na wanyama wake bado wanauzwa kila soko la wageni.

Mtindo wake unamfaa mtoto kuliko huu wa kuchora mnyama mdogo katikati ya karatasi. Chukua kipande cha boksi cha mraba. Siku ya kwanza kipakwe chote rangi moja tu, basi, hakuna mnyama. Kikauke. Siku ya pili mnyama mmoja, mkubwa mpaka miguu inagusa ukingo, mtoto ampake kwa kidole. Siku ya tatu madoa, kwa ncha ya chelewa iliyofungwa pamba. Chui, kanga, twiga, wote ni wa madoa. Rangi iwe ya maji, hiyo ya baiskeli tuwaachie mafundi.

Hizo siku tatu zina maana, maana mtoto akipaka madoa juu ya rangi mbichi yote yanachanganyika na kuwa Saidi.

#22 BabaWawili

Saidi kasalimiwa 😂 Mkuu Msasani, tumefanya. Kanga wa binti ana madoa mpaka nje ya boksi, mezani, na kwenye goti la mdogo wake. Jana usiku mama yao alipiga simu ya video, binti kashika kanga mbele ya kamera dakika kumi, mama hajaniona uso. Anarudi Jumamosi.

Leo asubuhi mvua imekata. Watoto wako nje kwa jirani tangu saa mbili, wanaruka madimbwi. Udongo niliupata Jumatano kule bondeni, nimeuchekecha, nimeukanda, nimeupima kwa dole gumba kama mzee alivyosema. Mzee Nundu shikamoo. Nimefinya miguu kutoka donge mojamoja, nundu imesimama, kwato nimechonga kwa kijiti. Lakini pembe zinaanguka. Nimebandika mara tatu zinaanguka. Nakosea wapi?

#23 MzeeNundu

Marahaba mwanangu. Umebandika juu ya udongo uliokwisha kukauka. Lowesha kichwa kwa kitambaa kibichi, subiri kidogo, kwaruza, paka uji wa udongo, ndipo ubane. Huyo ni ng'ombe wa mtoto yupi?

#24 BabaWawili

Wangu.